Kukuza Nini? Uhakiki wa Istilahi za Skeli katika Programu za Kuhariri Picha

Hivi karibuni tuliletewa mwongozo mmoja wa Kiswahili, wenye kurasa kumi na mbili, uliotayarishwa kwa ajili ya watumishi wanaohariri picha za vitambulisho kwa kompyuta. Aliyetuletea ni mwalimu aliyepewa kazi ya kuwafundisha watumishi hao. Aliomba jambo moja tu: tumweleze kwa nini wanafunzi wake, ambao wote husoma Kiswahili bila taabu, waliufuata mwongozo huo neno kwa neno na hatimaye wakaiharibu kazi. Tumeusoma mwongozo huo mara kadhaa, na jibu letu ni kwamba watumishi hao hawakukosea. Waliyatii maneno waliyopewa, na maneno ndiyo yaliyowapoteza njia.

Hatutaitaja ofisi iliyohusika wala mfasiri wake. Makosa tutakayoyaeleza tumeyaona pia katika tafsiri nyingine nyingi, na yeyote kati yetu angeweza kuyafanya. Nia ya makala haya ni kuyachunguza maneno yenyewe, kisha kupendekeza yale tunayoona yafaa kuchukua nafasi yake.

Kitu chenyewe

Kabla ya kulihukumu neno, yafaa kwanza kukielewa kitu kinachotajwa. Skrini ya kompyuta imefanywa kwa nukta ndogo za mwanga ziitwazo pikseli. Kwa miaka mingi waundaji wa programu walichora vitufe na aikoni zao kwa kuhesabu pikseli hizo: aikoni hii iwe na upana wa pikseli 16, ile iwe na pikseli 32. Hesabu hiyo ilifaa maadamu skrini nyingi zilikuwa na pikseli zipatazo mia moja katika kila inchi. Mfumo wa Windows, mathalani, ulichukulia kwamba inchi moja ina pikseli 96.

Chukua kompyuta ya mkononi yenye skrini ya inchi 15.6 na pikseli 1366 kwa 768. Inchi yake moja ina pikseli takriban 100, na aikoni ya pikseli 16 huwa na upana wa milimita 4. Sasa chukua nyingine yenye skrini ya ukubwa ule ule, lakini yenye pikseli 3840 kwa 2160. Inchi moja ya skrini hii hubeba pikseli takriban 282. Aikoni ile ile ya pikseli 16 sasa haifiki hata milimita moja na nusu, yaani ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Aikoni haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni pikseli, ambazo zimekuwa ndogo na kusongamana.

Tatizo hili liliwafikia wahariri wa picha mapema kuliko watu wengine, kwa kuwa wao ndio waliozitamani skrini za namna hiyo. Mwezi Juni mwaka 2012 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya MacBook Pro yenye skrini ya inchi 15.4 na pikseli 2880 kwa 1800. Programu ya Photoshop ilirekebishwa kwa ajili ya kompyuta hizo mwezi Desemba mwaka huo huo. Watumiaji wa Windows walingoja zaidi. Mwaka 2014 walipewa, kama jambo la majaribio, uwezo wa kuvikuza vitufe kwa asilimia 200 tu. Asilimia 200 ni hesabu rahisi, kwani kila pikseli moja ya aikoni hugeuka kuwa pikseli nne kamili, na mchoro haupotezi ukali wake. Asilimia 150 ingedai pikseli nusu, na pikseli nusu haipo. Ni mwaka 2017 ndipo Photoshop ilipoweza kufuata, katika Windows 10, viwango vinavyopanda kwa asilimia 25 kuanzia 100 hadi 400.

Jambo la kukumbukwa katika maelezo haya ni kwamba marekebisho hayo yote yanahusu vitufe, menyu, maandishi na paneli zinazoizunguka picha. Picha yenyewe haiguswi. Mhariri akichagua asilimia 200, akaifunga programu na kuifungua upya, ataona vitufe vimekua, lakini picha aliyokuwa akiihariri itabaki na pikseli zake zile zile, bila kuongezeka wala kupungua.

Sentensi iliyopotosha

Turudi sasa kwenye mwongozo wetu. Kwa haki, yako mengi ya kuusifu. Sarufi yake ni safi. Maneno kama kitufe, menyu, faili na pikseli yametumika kwa uthabiti, kurasa zote kumi na mbili. Mfasiri hakukimbilia Kiingereza kila alipopata ugumu. Lakini katika ukurasa wa tatu tunaikuta sentensi hii:

«Kama vitufe ni vidogo kutokana na azimio kubwa la skrini, kuza hadi asilimia 200 kwa kutumia mizani.»

Mtumishi anayeisoma sentensi hii ana picha ya mwananchi mbele yake. Anaambiwa akuze. Haambiwi akuze nini. Anatafuta mahali penye asilimia, na mahali pa kwanza anapopakuta ni katika dirisha la vipimo vya picha. Anaandika 200, anakubali, anahifadhi. Vitufe vinabaki vidogo vile vile, lakini picha iliyokuwa na pikseli 600 kwa 600 sasa ina pikseli 1200 kwa 1200. Jumla ya pikseli imepanda kutoka 360,000 hadi 1,440,000, na zote zilizoongezeka ni za kukisiwa na programu.

Mwalimu alitueleza yaliyofuata. Mfumo uliotakiwa kuzipokea picha hizo ulizikataa, kwa kuwa zilizidi kipimo. Watumishi wakaambiwa wazipunguze, na baadhi yao wakazikata pembezoni mpaka zikarudi kwenye pikseli 600, nyuso zikatoka bila masikio na wengine bila kidevu. Picha za awali zilikuwa zimekwisha kufutwa na zile mpya. Wananchi waliokwisha kupigwa picha ikabidi waitwe tena, na miongoni mwao walikuwamo wazee waliotoka vijiji vya mbali kwa nauli zao wenyewe. Hasara hiyo ilitokana na sentensi moja yenye maneno matatu mabaya. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Azimio

Neno la Kiingereza 'resolution' hutumika kwa uamuzi uliopitishwa na mkutano, na pia hutumika kwa wingi wa pikseli. Mfasiri alilifungua kamusi, akaikuta maana ya kwanza, akaichukua. Katika Kiswahili, hata hivyo, azimio lina maisha yake. Ni jambo ambalo watu wamelikusudia na kulitamka, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967. Skrini haikusudii kitu. Msomaji anapokutana na «azimio kubwa la skrini» hapati maana yoyote, na anachofanya ni kuliruka neno na kuendelea. Neno linalorukwa na kila msomaji halistahili kuitwa istilahi.

Isitoshe, hata Kiingereza chenyewe hakiko sawa hapa. Neno hilo moja hutumika kwa jumla ya pikseli katika skrini, na pia kwa wingi wa pikseli katika kila inchi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Televisheni kubwa ya ukutani na kompyuta ndogo ya mkononi zaweza kuwa na pikseli 3840 kwa 2160 kila moja, lakini katika kompyuta ndogo pikseli zimebanana na katika televisheni zimeachana. Vitufe hudidimia kwa sababu ya ule ubanano, wala si kwa sababu ya jumla. Mfasiri akitafuta neno moja la Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza ataukaribisha nyumbani mkanganyiko wa jirani, ilhali sisi tulikuwa na nafasi ya kusema wazi kuliko aliyetangulia.

Mizani

Hapa pia kamusi imefuatwa bila kitu kutazamwa. Mizani hupima uzito. Tunaijua sokoni, tunaijua kliniki watoto wanapopimwa, na madereva wa malori wanaijua barabarani. Programu ya picha haina kitu cha kupimwa uzito. Kinachotajwa ni uwiano kati ya kitu kama kilivyochorwa na kitu kama kinavyoonekana, na uwiano wa namna hiyo walimu wa jiografia wamekwisha kuufundisha kwa vizazi: ni skeli ya ramani. Mtoto aliyefundishwa kwamba sentimita moja katika ramani husimama badala ya mita mia tano katika nchi hatapata shida kuelewa kwamba asilimia 200 maana yake kila kitufe kimechorwa mara mbili ya kipimo chake cha asili.

Kukuza

Neno hili ndilo lililoleta msiba, na ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ni neno zuri. Kukuza ni kufanya kitu kikue. Wapiga picha wetu walilitumia zamani kabla ya kompyuta: filamu ilisafishwa, kisha picha ikakuzwa, na aliyetaka picha ya kutundika sebuleni aliomba akuziwe. Katika ufundi huo, picha iliyokuzwa ilikuwa kitu kipya, kikubwa zaidi, mkononi mwa mteja.

Katika tafsiri za siku hizi neno hilo limebebeshwa kazi tatu. Kwanza, linatumika kwa kuisogelea picha ili kuona sehemu yake ndogo, kama vile kutazama jicho peke yake. Hapa picha haibadiliki, ni mtazamaji aliyekaribia. Pili, linatumika kwa kuiongezea picha pikseli, na hapa picha hubadilika kabisa. Tatu, linatumika kwa kuvifanya vitufe vionekane vikubwa, na hapa picha haihusiki. Kazi zote tatu zinaandikwa kwa asilimia. Asilimia 100 katika kazi ya kwanza maana yake pikseli moja ya picha imekaa juu ya pikseli moja ya skrini. Katika kazi ya pili maana yake picha imebaki na vipimo vyake. Katika kazi ya tatu maana yake vitufe vimeachwa kama vilivyochorwa. Basi anayesema «kuza hadi asilimia 200» bila kutaja kinachokuzwa amewaonyesha watu milango mitatu bila kuwaambia wapite upi.

Mkanganyiko huu unazidi katika skrini zenye pikseli zilizosongamana. Picha yetu ya pikseli 600, ikitazamwa kwa asilimia 100, huchukua sentimita 15 katika skrini ile ya kwanza, lakini katika skrini ya pili huchukua sentimita 5 na nusu tu. Mtumishi aliyehamishiwa kompyuta mpya huiona picha imesinyaa pamoja na vitufe. Akisoma neno kukuza, ni nani atakayemlaumu akidhani kwamba picha ndiyo inayodai kukuzwa?

Ugumu wa mfasiri

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuyaacha maneno ya Kiingereza kama yalivyo. Wanadai kwamba Photoshop yenyewe haina menyu za Kiswahili, na mtumishi atakutana na Kiingereza kwenye skrini kwa vyovyote vile. Hoja hiyo ina uzito, nasi tunakubali kwamba mwongozo hauna budi kumwonyesha mtumishi mahali hasa pa kubonyeza. Hata hivyo, kumwonyesha mtu kitufe hakumwelezi kitufe kinafanya nini. Watumishi wale walikuwa na Kiingereza mbele ya macho yao saa zote za kazi, na hakikuwaokoa. Walichokikosa ni maelezo yanayotofautisha mambo matatu, na maelezo hayo mtu huyapata vema katika lugha anayoifikiria.

Wengine watasema kwamba kosa ni la mfasiri asiyejua kompyuta. Hapa tunapenda kumtetea kidogo. Aghalabu mfasiri wa mambo haya hupewa orodha ya maneno, moja moja, bila kuonyeshwa programu ikifanya kazi. Anaona neno 'scale' katika mstari wa arobaini na hana njia ya kujua kama linahusu picha, kitufe au ramani. Mapokeo yetu katika kazi hii si haba. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na ikadhihirika kwamba programu nzima ya ofisini yaweza kusema Kiswahili. Kwa hiyo uwezo upo. Linalotakiwa ni kwamba anayeagiza tafsiri amkalishe mfasiri mbele ya mashine, pamoja na fundi anayeitumia, kabla ya kumpa orodha.

Mapendekezo

Utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi ni kuanza na hazina ya Kiswahili chenyewe, kisha kwenda kwa lugha ndugu za Kibantu, na kukopa mbali pale tu inapolazimu. Kwa kufuata utaratibu huo tunapendekeza yafuatayo, tukitumaini kwamba wasomaji watayapima kazini na kuyasahihisha.

Idadi ya pikseli itumike kwa jumla ya pikseli za skrini au za picha, nayo iandikwe kwa tarakimu: pikseli 3840 kwa 2160.

Msongamano wa pikseli utumike kwa wingi wa pikseli katika inchi moja. Neno msongamano halihitaji kufundishwa. Aliyewahi kupanda basi asubuhi analijua, na mwalimu wa jiografia hulitumia kwa idadi ya watu katika eneo. Skrini zinazohusika ziitwe skrini za msongamano mkubwa.

Kusogeza karibu na kusogeza mbali yatumike kwa kutazama. Maneno haya yanasema kweli, kwani picha haikui wala haipungui, ila umbali wake na jicho ndio unaobadilika. Tunakataa kabisa «kuza ndani» na «kuza nje», ambayo tumeyaona katika simu, kwa kuwa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.

Kukuza picha na kupunguza picha yabaki katika kazi yake ya zamani ya studio, yaani kuibadili picha yenyewe. Na kila yanapotumika, neno picha liandikwe, lisiachwe kudhaniwa. Kuondoa pembezoni kuitwe kukata picha, kusichanganywe na kupunguza.

Skeli ya kiolesura itumike kwa uwiano wa vitufe, menyu, maandishi na paneli. Neno kiolesura bado ni geni kwa wengi, nasi hatusemi kwamba linajieleza. Lakini limekwisha kuenea katika tafsiri za kompyuta, na kulibadili sasa kungeongeza vurugu. Inatosha kila mwongozo ulieleze mara moja, mwanzoni, kwa kutaja vitu vinavyohusika.

Istilahi hupimwa kwa sentensi. Tuiandike upya ile sentensi ya ukurasa wa tatu:

«Skrini za msongamano mkubwa huvifanya vitufe na menyu vionekane vidogo mno. Ukipatwa na hali hiyo, ongeza skeli ya kiolesura hadi asilimia 200, kisha funga programu na uifungue tena. Picha haitabadilika. Usiguse vipimo vya picha.»

Sentensi moja imekuwa nne, na mwongozo umeongezeka mistari miwili. Tulimpelekea mwalimu maneno haya, akayasoma mbele ya darasa lake bila kuongeza ufafanuzi wowote. Alituarifu kwamba watumishi wote walikwenda mahali panapostahili, isipokuwa mmoja, ambaye aliuliza kiolesura ni nini. Swali hilo tunalipokea kama deni. Laonyesha wapi kazi yetu haijakwisha.

Hitimisho

Katika miaka ya kwanza ya uundaji wa istilahi, wasiwasi uliosikika mara kwa mara ni kwamba Kiswahili kitakosa maneno. Mwongozo huu umetuonyesha hatari nyingine. Maneno hayakukosekana: azimio lilikuwapo, mizani ilikuwapo, kukuza kulikuwapo. Yalichukuliwa kutoka mahali pake na kuwekwa pasipo pake, kwa sababu kamusi iliulizwa na kitu hakikutazamwa.

Twawaomba basi wafasiri, kila wanapoandika kitendo katika maelekezo ya kazi, wajiulize swali ambalo mtumishi yule alistahili kujibiwa kabla hajabonyeza: kukuza nini? Twawaomba walimu watuletee sentensi zinazowakwamisha wanafunzi wao, kama alivyofanya mwalimu huyu. Na twawaomba wakuu wa ofisi wakumbuke kwamba mwongozo wa Kiswahili ni sehemu ya mitambo yao. Ukiwa mbovu, mashine nzuri itafanya kazi mbaya, na atakayelipa nauli ya pili ni mwananchi.